Jenerali wa Maswali

Nilikwenda Uvindo kuuza mbegu za vitunguu, na sikujua kwamba katika nchi ile mtu anaweza kukamatwa kwa kutembea vizuri.

Mwenyeji wangu alikuwa mkulima mmoja mrefu, mwembamba, mwenye udongo kwenye kucha, aliyeitwa Sekiboko. Asubuhi ya kwanza alinichukua kunionesha mashamba yake. Hatukufika hata mwisho wa barabara. Filimbi ililia nyuma yetu, akaja askari mwenye kofia ya majani akihema.

"Nyie wawili! Miguu yenu inakwenda pamoja!"

Nikamwangalia Sekiboko. Yeye hakushangaa. Alimwinamia yule askari kwa adabu.

"Je, afande angekubali kwamba huyu ni mgeni, na kwamba hajui sheria?"

Askari akanikagua kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akatuamuru tuendelee, ila mmoja achechemee. Sekiboko akajitolea kuchechemea. Alichechemea kwa ustadi, kama mtu aliyezaliwa hivyo, na mara alipoona tena miguu yetu inataka kulingana, aliruka kidogo, akaivuruga.

Njiani alinieleza. Miaka michache nyuma Uvindo ilikuwa na jeshi kali kuliko yote katika bonde lile, na ilipigana na majirani zake wawili, Tungamo na Mlewa. Vita vilikuwa vibaya. Mwishowe Uvindo ikashindwa, na washindi wakakaa wakatunga sheria ili mambo yale yasitokee tena, wakaleta askari wao wa kuzisimamia. Ya kwanza ilikataza Wavindo wawili au zaidi kutembea kwa hatua moja, maana hatua moja ndiyo mwanzo wa gwaride, na gwaride ndilo mwanzo wa jeshi. Ya pili ilikataza Mvindo yeyote kutoa amri, hata nyumbani kwake.

Hii ya pili ndiyo iliyoyapendeza masikio yangu. Nchi nzima ilikuwa imezoea kusema kwa maswali. Sokoni mchuuzi hakusema "nunua," alisema, "Hivi kweli dada utazipita bamia kama hizi?" Nilimsikia mama mmoja akimwita mwanawe mlangoni: "Wewe Chambala, unadhani huo ugali utakufuata huko mchangani?" Mtoto alikuja mbio. Kusema kweli sikuona kama sheria ile imewapunguzia nguvu akina mama.

"Na wewe," nilimwuliza Sekiboko, "wakati wa vita ulikuwa wapi?"

"Je, mgeni atakasirika nikimwambia kwamba nilikuwa jenerali?"

Sikukasirika. Nilimuuzia mbegu.

Sasa, juu ya milima inayolizunguka bonde lile wanakaa watu wanaoitwa Wajuu. Kiangazi kile walikuwa wameshuka na kuutwaa mji wa chumvi, kijiji kidogo cha miteremkoni kisicho cha nchi yoyote, bila kumpiga mtu hata kofi. Waliingia tu, wakaketi. Tungamo ikaingiwa na hofu, Mlewa nayo ikaingiwa na hofu, na walipotazama milima waliona kwamba njia pekee ya kushukia bondeni ni mwanya uitwao Mlango wa Upepo, na kwamba Mlango wa Upepo uko ndani ya ardhi ya Uvindo. Wa kuulinda walikuwa Wavindo, na Wavindo hawakuruhusiwa hata kwenda harusini kwa hatua moja.

Basi ukaitishwa mkutano mjini Tungamo, wa kuamua Wavindo wapewe sehemu gani katika ulinzi wa bonde. Wavindo walimchagua Sekiboko awasemee. Na kwa kuwa katika nchi zile hakuna mji unaoamini masikio ya mji mwingine, sheria inataka kila mkutano usikilizwe na mtu wa mbali asiye na upande, ambaye baadaye ataulizwa nani alisema nini. Wakatafuta mgeni. Alikuwa mmoja tu, naye alikuwa na magunia ya mbegu. Wakanivisha joho la Shahidi Mgeni, wakaniketisha katikati.

Upande wa kulia alikaa Waziri Kalumbeta wa Mlewa, mtu mnene, mchangamfu, mwenye kupenda hotuba. Mlewa iko mbali na milima, na hata wakati wa vita ilipigwa kidogo tu. Upande wa kushoto alikaa Bi Nyamizi, mwakilishi wa Tungamo. Alikuwa mama mfupi, mkimya, na nguo yake nyeusi ilikuwa imepauka kwa kufuliwa. Wavindo waliichoma Tungamo karibu yote. Mumewe, Ngwale, alikuwa mlinzi wa daraja la mji, na alifia pale darajani.

Sekiboko aliwekwa mbele yao. Katibu akasoma kanuni: mjumbe wa Uvindo anaruhusiwa kuuliza, haruhusiwi kusema. Akisema, kengele itapigwa.

Siku za mwanzo zilikwenda katika kutafuta jina. Neno "jeshi" halikutakiwa kusikika. Waziri Kalumbeta alipendekeza "Mkusanyiko wa Wanaume Waliosimama." Bi Nyamizi akauliza itakuwaje wakikaa. Likatafutwa jina jingine. Bunduki ikakubaliwa iitwe "bomba la tahadhari," na risasi ikabaki bila jina, kwa kuwa mjumbe aliyekuwa na wazo zuri aliugua tumbo.

Kisha likaja jambo la nguvu. Kalumbeta alisimama, akashika kola za koti lake.

"Tunataka," alisema, "Wavindo wenye nguvu za kuwatisha Wajuu wote, lakini wasio na nguvu za kumtisha hata mtoto wa Tungamo. Hilo tu. Ni jambo dogo."

Watu wakapiga makofi. Sekiboko akainua mkono.

"Je, mheshimiwa anamfahamu mtu wa namna hiyo, ili tukamwulize anakula nini?"

Kalumbeta hakuyumba. Alikuwa na jibu. Wajuu wako juu, alisema, na Tungamo iko chini. Kwa hiyo Wavindo watengenezewe bunduki zinazopiga kuelekea juu peke yake. Shingo ya bunduki ifungwe isiweze kuinama. Mafundi wakaitwa, wakachora, wakasema inawezekana. Ukumbi ukajaa furaha. Nilimwona hata katibu akitabasamu.

"Je," akauliza Sekiboko kwa upole, "Wajuu wakishafika chini?"

Bunduki zile zikaachwa.

Wakaja na mpango ambao Mlewa iliusifu kuliko mingine yote. Askari wachanganywe kama mchele na kunde. Mvindo mmoja, Mtungamo mmoja, Mmlewa mmoja, kisha tena Mvindo, ili pasiwe na Wavindo wawili wanaogusana mabega. Wakachukuliwa vijana kutoka kila upande, wakapelekwa uwanjani kufanya majaribio, nasi tukaenda kutazama.

Ofisa wa Mlewa alipaza sauti, "Geu!" Kwa Kimlewa maana yake ni kugeuka. Kwa Kitungamo maana yake ni kuchuchumaa. Wamlewa wakageuka, Watungamo wakachuchumaa, Wavindo wakauliza kwa pamoja, "Je, tumeambiwa nini?" Wakalimani wakakimbia huku na huko kutafsiri. Ulipotolewa mwito wa kutembea, Watungamo walikuwa bado chini, Wamlewa wakawakwaa, na Wavindo, ambao kwa miaka yote ile walijifunza kutolinganisha miguu yao na ya mtu mwingine, walikwenda kila mmoja kwa mwendo wake, mmoja akiruka, mmoja akichechemea, mmoja akienda kama kaa. Mstari ule ukapinda, ukakatika, ukajifunga fundo katikati ya uwanja. Hakuumia mtu. Walilala pale wakicheka, wakisaidiana kutafuta kofia.

Nilitazama juu. Kwenye ukingo wa mlima, mbali, Wajuu walikuwa wamejipanga wakitutazama. Hawakucheka.

"Umeandikaje hapo?" Kalumbeta aliniuliza kwa wasiwasi.

Nikamwambia mimi siandiki, nasikiliza tu. Akashukuru.

Tuliporudi ukumbini Kalumbeta alitangaza kwamba jaribio limefanikiwa kwa kiasi, na kwamba Mlewa na Tungamo, kwa ukarimu wao, sasa wako tayari kuwaruhusu Wavindo wawe na vijana wa kusimama Mlango wa Upepo. Alikunja mikono, akangoja shukrani.

Sekiboko akainua mkono.

"Je," alisema, "waheshimiwa wamewahi kufikiria kwamba Wavindo huenda hawataki?"

Sidhani kama kuna jambo lililowahi kuwashtua zaidi. Walikuwa wamefunga milango yote ili huyu mtu asilichukue lile jeshi, na kumbe hajasogea hata mlangoni.

"Hawataki?" Kalumbeta alisema, na sauti yake ilikuwa na maumivu. "Hawataki vipi? Wavindo! Watu wa vita, baba na babu!"

"Je, mheshimiwa ameviona vitunguu vyetu mwaka huu? Je, anajua kwamba vijana wetu waliozikwa ni wengi kama wenu? Je, kijana akiambiwa akasimame kwenye baridi, afe kwa niaba ya watu wanaomkagua miguu akienda sokoni, atajibu nini?"

"Huu ni utovu wa adabu," alisema Kalumbeta. "Tumekaa hapa tukiwaogopa, halafu mnatuambia hamna nia?"

Hapo Bi Nyamizi akacheka. Alicheka kidogo tu, kwa pua, na nadhani alijishangaa mwenyewe. Kisha uso wake ukarudi ulivyokuwa. Akamgeukia Sekiboko, na ilikuwa mara ya kwanza kwake kumtazama machoni.

"Mimi nina swali moja, Jenerali. Siku ile ya daraja ulikuwa wapi?"

Sekiboko alifungua mdomo, akaufunga. Nilimwona akitafuta namna ya kulijibu jambo lile kwa swali. Haikuwepo.

"Nilikuwa ng'ambo ya mto," alisema. "Mimi ndiye niliyetoa amri."

Katibu akapiga kengele. "Mjumbe wa Uvindo amesema!"

"Mwache aseme," alisema Bi Nyamizi.

"Niliamuru wavuke kabla ya jua kuchomoza. Palikuwa na mtu mmoja darajani, tukamwambia akimbie. Hakukimbia. Alikata kamba za daraja akiwa bado juu yake. Tulichelewa kuvuka mpaka mchana, na kwa sababu hiyo watu wengi wa Tungamo walipata nafasi ya kutoka mjini. Jina lake nilikuja kulijua baadaye. Sikuja kukuomba chochote, mama. Umeniuliza, nimekujibu."

Katibu alibaki ameishikilia kengele mkononi. Bi Nyamizi alitazama meza. Mimi niliyekuwa nimekaa karibu niliona kwamba kidole chake kimoja kilikuwa kikisugua ubao, kikisugua palepale.

"Mimi nilikuwa katika hao waliotoka," alisema mwishowe.

Kisha akasimama, na alipozungumza alizungumza kama mama anayepanga kazi za siku.

"Waheshimiwa, miaka yote hii nimelala vibaya. Nimewatungia Wavindo sheria za miguu na sheria za midomo, na bado nalala vibaya. Huyu mtu ana jeshi au hana, sijui, kwa sababu yuko kule na mimi niko huku. Mimi nataka nimwone. Wavindo wawe na jeshi, liitwe jeshi, na watembee wanavyotaka. Lakini baruti yao itunzwe Tungamo. Funguo tutashika sisi."

"Apewe sifa!" Kalumbeta alipaza sauti.

"Sijamaliza. Baruti ya Tungamo itunzwe Mlewa. Na baruti ya Mlewa itunzwe Uvindo."

Kalumbeta akakaa.

"Yetu?" alisema. "Sisi pia?"

"Nyie pia."

"Lakini sisi tulishinda!"

"Tulishinda," alisema Bi Nyamizi. "Na nani atakayeshinda kesho, unamjua? Mtu yeyote katika bonde hili akitaka kuanza vita peke yake, itabidi kwanza aende kwa jirani kuomba baruti, na aeleze anakwenda kuifanyia nini. Wajuu wakija, tutafunguliana ghala. Na Mlango wa Upepo tutaulinda wote. Mimi mwenyewe nitakwenda."

"Je," alisema Sekiboko, na sauti yake ilikwaruza, "nani atakuwa mkuu kule?"

"Mimi. Wewe utakuwa chini yangu. Una la kuuliza?"

"Sina," alisema Sekiboko. Katibu aliinua kengele, akaifikiria, akairudisha mezani.

Mlewa ilibishana bado. Walitaka baruti yao ikae Uvindo, lakini iwe imelowa. Walitaka maneno "kwa muda" yaongezwe kwenye mkataba. Walitaka ghala lijengwe na mjomba wa Waziri. Sijui wangeendelea mpaka lini kama isingeletwa habari kwamba Wajuu wameanza kuteremka, na kwamba wameonekana juu kidogo ya Mlango wa Upepo wakiwa na ng'ombe, ngoma na mikuki. Kalumbeta alitia sahihi akiwa amesimama.

Mimi kazi yangu ilikuwa imekwisha, lakini nilikwenda nao. Nilijiambia nakwenda kwa sababu magunia yangu yako Uvindo.

Tulifika mwanyani wakati ukungu unaanza kuondoka. Mikokoteni ya baruti ilikuwa imefika kabla yetu, kila mmoja ukiwa umesindikizwa na watu wa mji mwingine, nao walikabidhiana wakisalimiana kwa aibu kama wakwe. Vijana walewale wa uwanjani walipangwa katika mwanya, safari hii Wavindo pamoja, Watungamo pamoja, Wamlewa pamoja, mabega kwa mabega. Bi Nyamizi alipanda jiwe. Alikuwa amevaa ile nguo yake nyeusi na buti kubwa za kiume.

Wajuu walitokea ghafla, wengi, wakishuka mteremko kwa kishindo. Vumbi likaja mbele yao. Niliwaona vijana wetu wakianza kutazamana, na mmoja wa Mlewa akageuka nyuma kutafuta njia.

Bi Nyamizi alimtazama Sekiboko. Mama yule hakuwahi kuongoza vita maishani mwake.

"Je," Sekiboko alianza, "Bi Mkuu angependa kwamba..."

"Jenerali!" alipiga kelele Bi Nyamizi. "Acha maswali!"

Sekiboko akavuta pumzi. Nadhani ile pumzi ilikuwa imemngoja miaka.

"SIMAMA!"

Sauti ile iligonga upande mmoja wa mwanya, ikarudi, ikagonga upande wa pili. Wavindo wakasimama. Watungamo wakasimama. Wamlewa wakasimama, na yule aliyekuwa akitafuta njia akajikuta amenyooka kama mlingoti. Mimi nilisimama, ingawa nilikuwa nimesimama tayari. Na kule mteremkoni Wajuu nao walisimama wote, na ng'ombe wao pia.

Ng'ombe mmoja akakohoa.

Kisha mtu mmoja akajitenga katika kundi la Wajuu, akashuka peke yake, mikono ikiwa wazi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye ndevu zilizosukwa, na jina lake alisema ni Hombore.

"Tunaomba kujua," alisema, "kama mtatushambulia leo au kesho."

"Sisi?" alisema Bi Nyamizi. "Nyie ndio mnaotushambulia!"

"Tumekuja kuwahi. Tuliwaona uwanjani mkifanya yale mazoezi. Wengine wanachuchumaa, wengine wanageuka, wengine wanakwenda kama kaa, na kila mtu ana mwendo wake. Tumepigana vita vingi, hatujawahi kuona mbinu kama ile. Wazee wetu wamekesha wakiizungumza. Tukasema, watu hawa wamevumbua jambo, na wakimaliza kujifunza tumekwisha. Hata ule mji wa chumvi tuliingia kwa sababu tulisikia mnauandaa kwa vita."

Bi Nyamizi alishuka kwenye jiwe na kukaa chini, palepale kwenye nyasi, akicheka mpaka machozi. Vijana waliokuwa karibu wakaanza kucheka nao, bila kujua sababu, na kicheko kikapita mstari mzima. Hombore alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akadhani labda hiyo nayo ni sehemu ya mazoezi.

Wapishi walikuwa wamepika wali na maharage kwa ajili ya watu ambao huenda wangekufa, na kwa kuwa hakufa mtu, chakula kilikuwa kingi. Wakatandaza mikeka. Hombore akaelezwa habari za baruti, ya nani inakaa kwa nani. Alisikiliza kwa makini sana, akauliza maswali ya maana, kisha akasema kwamba Wajuu nao wana baruti, na kwamba nao hawalali vizuri. Je, ghala moja lingeweza kupatikana kwa ajili yao?

Kabla mtu hajajibu, Sekiboko alikuwa ameshasimama.

"Haiwezekani!" alisema, na wala hakuuliza. "Hawa ni watu wa hatari. Kwanza waangaliwe. Wapewe muda. Wapunguziwe mikuki, na ngoma zao zikaguliwe, maana ngoma ndiyo..."

Bi Nyamizi aliinua macho kutoka kwenye sinia, mkono ukiwa na tonge. Alimtazama. Alimtazama tu, mpaka sauti ya Jenerali ikapungua, ikapungua, ikaisha yenyewe.

"Sogea, Jenerali," akamwambia. "Mgeni hajapata pa kukaa."

Sekiboko alisimama bado kidogo, masikio yakiwa mekundu. Kisha akakaa, akasogea, akalivutia sinia upande wa Hombore.